Simu inajua mwendo, haijui idadi

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi hapa mbele, wahandisi wenzangu wa manispaa, kaka zangu madereva na makonda mlioiacha hesabu ya tajiri asubuhi hii mkaja kunisikiliza, nanyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna taarifa zinazotoka kwenye simu zinavyoweza kutusaidia kukadiria mwenendo wa magari barabarani. Nitasema kwa lugha ya kila siku, maana jambo hili ni la kila mtu aliyewahi kuamka saa kumi alfajiri ili afike kazini saa mbili. Na hoja yangu ni moja. Simu iliyoko mfukoni mwa abiria inajua gari linakwenda kasi gani. Haijui magari ni mangapi. Mambo hayo mawili yanachanganywa kwenye ripoti, kwenye zabuni na kwenye vikao, na yakichanganywa, fedha za barabara zinakwenda pasipo na shida na kuruka penye shida.

Nianze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, mimi na wanafunzi wangu tuliomba watu wa kujitolea waturuhusu kuchukua alama za safari zao kutoka kwenye simu. Kila baada ya sekunde chache simu iliandika mambo matatu: iko wapi, ni saa ngapi, inakwenda kasi gani. Tukazikusanya alama hizo, tukaondoa majina na namba, tukazilaza juu ya ramani ya jiji la Dar es Salaam, tukapaka rangi: kijani panapopitika, njano panapobana, nyekundu palipoganda. Ramani ikapendeza. Tukaichapa kwenye karatasi kubwa, nikaibeba kwapani mpaka stendi kuwaonyesha madereva.

Dereva mmoja, mtu mzima, alikuwa anasubiri zamu yake ya kupakia. Akaivuta karatasi, akaitandaza juu ya boneti. Akaifuata Barabara ya Morogoro kwa kidole, polepole, kutoka Ubungo, akapita Manzese, akafika Magomeni, kidole kikasimama. Hapo tulikuwa tumepaka kijani. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ni saa ngapi?" Nikamwambia ni saa kumi na mbili jioni, siku za kazi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Saa hizo hapa abiria wangu hushuka wakatembea. Huyu aliyepita kwa mwendo huo hakuwa barabarani na sisi."

Na kweli hakuwa nao. Tuliporudi kwenye takwimu na kufuata alama moja moja, tuligundua kwamba wengi waliotupa kasi ile walikuwa abiria wa mwendokasi. Tangu 2016 mabasi yale yana njia zake katikati ya barabara, hatua chache tu kutoka kwa magari mengine. Simu ya kawaida, hata ikiliona anga vizuri, inaweza kukosea mahali ilipo kwa mita tano hivi. Katikati ya maghorofa hukosea zaidi. Njia moja ya gari ina upana wa kama mita tatu na nusu. Kwa hiyo programu yetu ilimchukua mtu aliyekaa kwenye basi linalopita bila kizuizi, ikamwingiza kwenye foleni ya daladala, ikatangaza kwamba foleni haipo. Tulirekebisha baadaye: alama zinazosimama Urafiki, kisha Tip Top, kisha Manzese, kila mara penye stesheni, hizo ni za mwendokasi, zitengwe. Lakini sikuisahau ile sauti ya stendi. Tangu siku hiyo, ramani yoyote ya foleni ikiwekwa mezani kwangu, swali langu la kwanza ni hili: hizi alama zimetoka kwenye chombo gani?

Sasa twende kwenye kanuni yenyewe. Wanafunzi mtanivumilia, mnaijua. Madereva mnaijua zaidi, ila hamjaiandika.

Barabara ina mambo matatu ya kupimwa, na yote matatu yamefungwa pamoja. La kwanza ni kasi. La pili ni msongamano: ukikipiga picha kutoka juu kipande cha kilomita moja, utakuta magari mangapi. La tatu ni mtiririko: ukikaa kando ya barabara saa nzima, magari mangapi yatakupita. Mtiririko ni msongamano mara kasi, basi. Magari 10 kwa kilomita yakienda kilomita 60 kwa saa, yatakupita magari 600. Magari 100 kwa kilomita yakijikokota kilomita 6 kwa saa, yatakupita 600 yaleyale. Anayehesabu tu, bila kutazama mwendo, hawezi kukuambia ni ipi kati ya barabara hizo mbili. Na simu nayo ina upofu wake. Itakuambia gari lilipita kwa kilomita 50 saa nane usiku likiwa peke yake, na itakuambia gari lilipita kwa kilomita 50 Jumapili asubuhi likiwa katikati ya mengine mia tano. Kwa simu, nyakati hizo mbili ni kitu kimoja.

Mwaka 1935 Mmarekani Bruce Greenshields, baada ya kupiga picha za magari kwenye barabara za jimbo la Ohio, alionyesha kwamba msongamano ukipanda kasi inashuka, akachora mstari wa kuunganisha viwili hivyo. Mstari huo ndio unaowapa watu ujasiri wa kusema: nikiijua kasi, nitausoma msongamano kwenye mchoro, nitazidisha, nitapata idadi ya magari. Penye foleni nzito ujasiri huo una msingi, maana hapo kila gari linaloongezeka linapunguza mwendo wa yote. Lakini barabara inapopitika, kasi hukaa palepale kwa muda mrefu huku magari yakiongezeka. Barabara yenye magari matano kwa kilomita na yenye magari kumi na tano zinaweza kwenda mwendo mmoja. Moja ina mara tatu ya nyingine, na simu haijashtuka. Na hata penye foleni, ule mchoro lazima uchorwe hapa, kwa magari ya hapa. Kilomita moja ya Barabara ya Mandela iliyojaa malori ya bandarini, bajaji na pikipiki haiwezi kusomwa kwa mstari uliochorwa Ohio.

Mwaka 1955 Waingereza wawili, Lighthill na Whitham, walitoa kazi mbili zinazofuatana. Ya kwanza ilihusu namna mafuriko yanavyosafiri kwenye mito mirefu. Ya pili ilichukua hesabu zilezile na kuzipeleka kwenye barabara ndefu iliyojaa magari. Mwaka uliofuata Mmarekani Paul Richards akafika hapohapo kwa njia yake mwenyewe. Mpaka leo modeli nyingi tunazotumia zimejengwa juu ya msingi wao. Kwa mtu wa Dar es Salaam kufananisha mto na barabara hakuhitaji maelezo marefu. Tunapo mahali, Jangwani, ambapo Msimbazi ukifurika maji hupanda lami na barabara hufungwa.

Jambo kubwa walilotufundisha ni kwamba foleni yenyewe husafiri. Magari yanakwenda mbele, foleni inarudi nyuma. Wajapani walilionyesha hili kwa jaribio rahisi lililochapishwa mwaka 2008: walichukua magari 22, wakayaweka kwenye duara la mita 230, wakawaambia madereva wote waende mwendo mmoja, kama kilomita 30 kwa saa. Hakukuwa na taa, shimo wala ajali. Baada ya muda mmoja akapunguza kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, na foleni ikazaliwa, ikawa inazunguka duara kinyume na magari kwa kama kilomita 20 kwa saa.

Niwape hesabu ya makutano yoyote mnayoyajua, na namba hizi ni za mfano wangu. Chukua njia moja. Magari yanakuja 1,200 kwa saa, kasi kilomita 40, kwa hiyo ni magari 30 kwa kilomita. Askari wa usalama barabarani ananyoosha mkono, upande huu unasimama. Magari yaliyosimama yanabanana, tuseme 140 kwa kilomita. Gawanya tofauti ya mtiririko kwa tofauti ya msongamano: 1,200 kwa 110. Unapata karibu 11. Maana yake mkia wa foleni unarudi nyuma kwa kilomita 11 kwa saa. Akiwashikilia dakika tatu, mkia umeshafika zaidi ya nusu kilomita.

Sasa anawaruhusu. Wa mbele wanatoka kwa magari 1,800 kwa saa. Lakini ruhusa nayo inasafiri kwenda nyuma, gari kwa gari, kwa kama kilomita 19 kwa saa, na mkia hauisubiri. Unaendelea kurudi nyuma kwa kilomita 11 zake, kwa sababu wengine wanazidi kuja. Ruhusa itaukuta mkia baada ya dakika nne hivi, mahali palipo kama kilomita moja na mita mia tatu kutoka kwa askari. Kule nyuma mtu anapiga honi, anaona wa mbele hawaendi, na kumbe wa mbele kabisa wameshafika nyumbani. Na gari la mwisho bado linahitaji dakika mbili hivi kufika kwa askari. Akifunga kabla dakika sita hazijaisha, kuna waliobaki, na mzunguko unaofuata unaanza na deni. Baada ya mizunguko mitano deni hilo limefika kwenye makutano ya nyuma, yakazibwa, na walioziba huko hawakuwa hata na safari ya huku.

Wenzetu trafiki, sisemi haya kuwalaumu. Mtu anayesimama juani katikati ya barabara tangu alfajiri, macho yake yanaona mita mia mbili, tatu. Mkia uko kilomita moja na zaidi. Anaamua kwa kile anachokiona, na kwa simu ya upepo ya mwenzake. Hapa ndipo simu za abiria zinapokuwa na thamani kubwa kuliko popote: zinajua mkia uko wapi. Mahali ambapo kasi inaanguka ghafla kutoka 40 hadi 5, huo ndio mkia, na alama chache tu zinatosha kuuona. Kazi hiyo simu inaiweza.

Inaiweza kiasi gani? Tarehe 8 Februari 2008, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakishirikiana na Nokia na idara ya uchukuzi ya jimbo hilo, walipeleka magari 100 kwenye barabara kuu ya I-880, kati ya Hayward na Fremont, kipande cha kama kilomita 16. Waliendesha wanafunzi 165 kwa kupokezana, wakienda na kurudi mchana kutwa, na kila gari lilikuwa na simu ya Nokia N95 inayotuma mwendo wake. Magari yao yalikuwa kati ya asilimia 2 na 5 tu ya magari yote barabarani. Kwa sehemu hiyo ndogo waliweza kuichora kasi ya barabara nzima vizuri, na ajali iliyotokea asubuhi ile ikaonekana kwenye ramani yao ndani ya muda mfupi. Jaribio hilo, lililoitwa Mobile Century, limesafiri dunia nzima. Kila anayetaka kuuza mfumo wa simu kwa halmashauri hulitaja: asilimia 2 zinatosha!

Zinatosha kwa kasi. Lakini kuna kitu husahaulika kutajwa. Chini ya lami ya I-880 tayari kulikuwa na nyaya za kuhesabu magari, zimezikwa kwa vipimo, zinahesabu mchana na usiku. Walikuwa na idadi kabla ya kuwa na simu. Sisi tunataka kuanza na simu kwa sababu nyaya hatuna. Naelewa kwa nini: simu tayari zipo, watu wamezinunua kwa fedha zao, nyaya zinataka bajeti. Lakini ukikosa kitu, njia ya kukipata si kuamini kwamba huna haja nacho.

Na barabara zetu zina mambo yake. Bodaboda anapenya katikati ya magari yaliyosimama kwa kilomita 25 kwa saa. Simu yake inasema njia ni nyeupe. Coaster imesimama kituoni, konda anaita, dereva anasubiri ijae. Simu zilizomo zinasema barabara imeganda, kumbe magari mengine yanapita kando yake bila shida. Ndani ya Coaster hiyohiyo mna watu thelathini. Zikituma simu kumi na mbili, je, ni magari kumi na mawili? Mwaka 2020 msanii mmoja wa Berlin, Simon Weckert, alijaza simu 99 kwenye kigari cha mkono, akakikokota taratibu barabarani, na ramani ya Google ikaipaka rangi nyekundu barabara iliyokuwa karibu tupu. Ulaya lile lilikuwa jambo la kushangaza. Kwetu kigari cha namna hiyo kipo kila siku, kimejaa abiria, kinaitwa daladala.

Mambo haya yanatatulika, na ndugu zangu wanafunzi, hapa ndipo penye kazi yenu. Bodaboda anajulikana kwa namna anavyoyumba na kwa kutosimama pale wengine wanaposimama. Simu kumi na mbili zinazosafiri pamoja, zinazosimama pamoja na kuondoka pamoja, ni chombo kimoja, ziunganishe. Kusimama kwa sekunde arobaini penye kituo ni tofauti na kusimama kwa sekunde arobaini pasipo na kituo, ila sharti ujue vituo viko wapi, vikiwemo visivyo na kibao. Kwa hilo tuwashukuru vijana waliotutangulia. Nairobi, mradi wa Digital Matatus uliwapandisha wanafunzi kwenye matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia zaidi ya 130 na vituo vyake, na mwaka 2014 ramani ikatolewa bure kwa kila mtu. Hapa Dar es Salaam, tangu 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea mitaa kwa mguu chini ya mradi wa Ramani Huria, wakachora mifereji, vichochoro na barabara ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote. Bila kazi ile, alama za simu zingekuwa zinaelea hewani.

Namna ya kuunganisha simu na hesabu ni ileile ya nahodha anayevuka usiku kutoka Unguja. Anajua alipoondoka, anajua mwendo wa chombo, anajua upepo. Anakadiria yuko wapi. Kisha anaona mnara wa taa. Haachi makadirio yake yote, wala hauamini mnara peke yake, maana huenda ukungu umemdanganya; anavipima viwili, anasogeza makadirio upande wa kile anachokiamini zaidi, halafu anaendelea. Hesabu za kufanya hivyo kwa mashine ziliwekwa wazi na Rudolf Kalman mwaka 1960, na jaribio la I-880 lilitumia ndugu wa hesabu hizo. Modeli ya Lighthill na Whitham inakadiria foleni itakuwa wapi dakika moja ijayo. Simu zinaleta kasi, modeli inasogezwa. Hesabu ya magari inaleta idadi, modeli inasogezwa tena. Ukiondoa kimoja, nahodha yuko baharini na jicho moja.

Wahandisi wa manispaa mtaniuliza, hesabu hiyo tutaipata wapi? Kuna njia za gharama kubwa, za kamera na nyaya. Lakini naomba mnisikilize kuhusu njia ya kiti na karatasi.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa mwaka wa tatu, alikaa siku tatu kwenye makutano mamoja ya Barabara ya Mandela, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, chini ya mwavuli wa muuza vocha. Alikuwa na ubao wa kuandikia magotini, karatasi yenye safu sita: magari madogo, daladala, malori, bajaji, pikipiki, mikokoteni. Mistari minne na wa tano unakata. Simu zilikuwa zimeshatuambia kwamba pale pana kasi ndogo asubuhi yote, na kila mtu alijua sababu: taa mbovu, ziongezewe muda. Siku ya pili aligundua kwamba taa ilikuwa ya kijani, magari yako tayari, na bado safu zake hazijai. Akainua macho kutoka kwenye karatasi. Ng'ambo ya mataa, hatua kama thelathini, daladala zilikuwa zinashusha abiria mahali ambapo si kituo, kwa sababu hapo ndipo kichochoro cha kuingilia sokoni kilipo. Gari moja likisimama, njia moja kati ya mbili imekufa, na kijani inaisha bure. Aliandika pembeni ya karatasi kwa penseli: "Wanashusha hapa. Kina mama wenye mizigo." Karatasi hiyo ninayo.

Kwa simu, taa mbovu na kituo kisichokuwepo vinaonekana sawasawa: kasi ndogo. Idadi ndiyo iliyovitenganisha. Na gharama ya tiba zake hazifanani hata kidogo. Kuongeza njia ya tatu ni kuvunja nyumba za watu. Kuweka kituo penye kichochoro, nje ya njia ya magari, ni zege la siku chache.

Kuna jambo lingine linaloniumiza zaidi. Mwenye simu janja yenye bando, aliyewasha ramani, ni nani? Mara nyingi ni mwenye gari lake. Masaki gari moja lina mtu mmoja na labda simu mbili. Daladala ya Mbagala ina watu waliobanana mpaka mlangoni, na wengi wamezima data ili bando lifike jioni. Ukiziacha simu zihesabu peke yake, Masaki itaonekana na shida kubwa na Mbagala itaonekana haina watu. Kisha mtu ataichukua ramani hiyo kwenye kikao cha bajeti. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu watu, siyo magari tu. Gari dogo lenye mtu mmoja na Coaster yenye watu thelathini, mbele ya mhandisi, si vyombo viwili vilivyo sawa.

Ipo njia ya minara ya simu, ambayo inaziona hata simu za tochi. Haijui mtu yuko barabara gani, inajua yuko eneo gani, kwa hiyo haifai kupima kasi ila inafaa kujua watu wanatoka wapi kwenda wapi. Mwaka 2012 kampuni ya Orange iliwapa watafiti rekodi zisizo na majina za wateja wake wa Kodivaa, na watafiti wa IBM wakazitumia kupendekeza njia mpya za mabasi jijini Abidjan. Hili lingetufaa sana, kwa sharti moja.

Sharti ni siri ya mtu. Mwaka 2013 watafiti walichunguza rekodi za minara za watu milioni 1.5 kwa miezi 15, zilizofutwa majina, wakakuta kwamba kujua mahali pane alipokuwepo mtu, na saa aliyokuwepo kila mahali, kunatosha kumtofautisha na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Mahali pane tu: nyumbani, kazini, msikitini au kanisani, na hospitali kwa mgonjwa wake. Kufuta jina hakutoshi. Kule California waliliwaza hili mapema: simu haikutuma safari nzima, ilituma kasi tu pale ilipovuka mistari waliyoichora kwenye ramani, na mistari hiyo waliiweka barabara kuu, mbali na milango ya watu. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Wahandisi, isomeni kabla ya kununua mfumo. Mkileta mkataba mezani, nitauliza safari ya mtu inaanzia kurekodiwa wapi, na kama jibu ni "mlangoni kwake", mimi sitasaini.

Nanyi madereva mna haki ya kuuliza: alama zimetoka kwenye magari yetu, sisi tunapata nini? Mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa ambavyo LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, hutumia kufuatilia mwendo, na wengi wenu mkisikia kifaa mnasikia faini. Kifaa kilekile kinaweza kumwambia dereva aliyeko Kimara kwamba mkia umefika Ubungo, apakie taratibu au apite kwingine. Ikiwa taarifa zinatoka kwenu na hazirudi kwenu, mtavizima vifaa, na mtakuwa na sababu.

Nimeshamaliza muda niliopewa, mwenyekiti ananitazama. Jumanne ijayo tunahesabu kwenye makutano yaleyale ya Barabara ya Mandela, siku nzima, huku simu za watu ishirini wa kujitolea zikirekodi mwendo kwa wakati huohuo. Tunahitaji wahesabuji kumi na wawili, wawili kwa kila safu, wapokezane kila saa, maana jicho likichoka pikipiki ndizo za kwanza kuponyoka. Yule binti ndiye atakayewapanga, yuko pale mlangoni na daftari, mwandikisheni majina yenu mkitoka. Mje saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mwavuli. Penseli ninazo mimi.

Asanteni sana.